Kifungo cha Kurudishiwa

Tangu kiharusi kimpige, Baba alikuwa anakubali kila kitu. Ukimuuliza kama anataka chai, anaitikia kwa kichwa. Ukimuuliza kama hataki chai, anaitikia vilevile, kwa adabu ileile, kama vile mteja amemwambia suruali ipunguzwe kidogo kiunoni. Mkono wake wa kulia ulilala pajani kama kitu alichopewa na mtu amshikie kidogo. Ulimi nao ulikuwa umekataa. Alikuwa fundi cherehani, mtu wa maneno mengi, aliyeweza kumtania mteja mbele ya kioo mpaka mteja mwenyewe akajicheka. Sasa alichobaki nacho ni kile kichwa kinachosema ndiyo.

Alikuwa anakaa kwangu. Tuna vyumba viwili tu, kwa hiyo sebule ikawa chumba chake, na mume wangu, ambaye ni fundi bomba, akahamishia spana zake chini ya kitanda chetu. Hakunung'unika, ingawa kila asubuhi akiinama kuzitafuta alikuwa anasema kwamba siku hizi anamlaza mke wake juu ya karakana. Binti yetu tulimwita Kishindo, kwa jinsi alivyojifunza kutembea. Yeye ndiye pekee ambaye hakuona chochote kilichobadilika kwa babu yake. Alimletea vitu ashike, kijiko, kiatu, kifuniko cha sufuria, na Baba alivipokea vyote kwa mkono wa kushoto.

Kaka yangu ni dereva wa malori ya masafa marefu. Tumezaliwa wawili tu, na mimi nilikuja wakati yeye ameshajua kusoma na kuandika, ndiyo maana mpaka leo ananiita Kitinda. Alikuwa anapita kumwona Baba kila safari ilipomrudisha mjini. Jumapili moja alivuta kiti, akakaa uso kwa uso naye, akamuuliza polepole kama angependa akaishi kwa Shangazi. Baba akaitikia. Kaka akanigeukia kama mtu aliyemaliza kazi. Mimi nikapiga magoti palepale nikamuuliza Baba kama angependa kubaki hapa kwangu. Akaitikia pia, tena akinitazama machoni.

Kaka alinyanyuka akatoka nje. Nikamfuata. Alikuwa anazungusha funguo za gari kidoleni, na alipoongea aliongea chini chini, kama watu wanavyoongea kwenye korido za hospitali.

"Kitinda, Baba hayupo pale. Najua hutaki kusikia. Wewe una mtoto, una kazi, una hayo masomo yako ya jioni. Kwa Shangazi kuna nafasi na kuna watu. Yeye mwenyewe hatajua tofauti."

Akasema kesho anasafiri, na akirudi, Jumamosi, atakuja kumchukua.

Sikuwa na ugomvi na Shangazi. Ni dada mkubwa wa Baba, ndiye aliyemlea Baba baada ya mama yao kufariki, na nyumba yake ina baraza pana na watu wanaoingia na kutoka kutwa nzima. Lakini ni mbali, safari ya kutwa. Na mimi nilitaka Baba abaki. Zaidi ya hapo, sikulikubali lile neno "hayupo". Mtu akishaambiwa hayupo, watu wanaanza kuongea juu ya kichwa chake akiwa amekaa hapohapo. Wanamfunga vifungo vya shati bila kumwambia wanamfunga. Nilikuwa nimeshaona mume wangu, mtu mwema kabisa, akimpitishia Baba sahani mbele ya uso kama anapitisha juu ya meza.

Mchana mimi napiga pasi kwenye duka la dobi. Jioni nilikuwa nasoma kuandika programu za kompyuta, kwenye darasa la shule ya msingi ambalo watoto walikuwa wameshaondoka, tukikaa kwenye madawati yao na magoti yakigonga mbao. Mwalimu wetu alikuwa kijana mwembamba tuliyempa jina la Sharti, kwa sababu kila alichotufundisha kilianza na "kama hivi, basi vile", na alikuwa anarudia kwamba kompyuta haina akili wala huruma, ina masharti tu uliyoipa. Mwisho wa muhula kila mmoja alitakiwa atengeneze mchezo wa ubao, rahisi tu, wa watu wawili. Wenzangu wengi walichagua drafti. Mama mmoja muuza viatu alichagua nyoka na ngazi, akasema nyoka anawajua.

Mimi nilichagua mchezo wa Baba.

Baba aliutunga mwenyewe. Alishona vipande vya vitambaa vilivyobaki, vya giza na vya mwanga, vitano kwenda na vitano kushuka, ukawa ubao wa kukunja unaokaa kwenye droo ya cherehani. Kila mchezaji ana vifungo vitano, mmoja vya shati, vyeupe, mwingine vya koti, vyeusi. Unasogeza kifungo kimoja, chumba kimoja, upande wowote. Ukifanikiwa kuweka vifungo vyako viwili ubavuni mwa kifungo cha mwenzako, kimoja huku na kimoja kule, umekibana, unakitoa. Anayemaliza vifungo vya mwenzake ameshinda. Hakuna duka lolote duniani linalouza mchezo huo. Tulikuwa tunaucheza sakafuni, chini ya meza ya kukatia, vipande vya nyuzi vikitushika kwenye magoti.

Nilikuwa nimeshajaribu kumpa Baba kile kitambaa chenyewe. Mkono wa kushoto ulitetemeka ukafagia vifungo vyote, na Kishindo akawahi kimoja akakitia mdomoni, tukaanza kukimbizana naye nyumba nzima. Siku nyingine nilimshika Baba kifundo cha mkono nikausindikiza, na tukacheza vizuri tu mpaka mwisho. Nikampigia kaka kumsimulia. Akanisikiliza, halafu akasema kwa upole kwamba hapo nilicheza mwenyewe na mkono wa Baba.

Hakukosea. Ndiyo maana nilitaka kompyuta. Nilitaka mahali ambapo Baba atacheza na hakuna mtu atakayemgusa.

Nilimweleza Sharti yote haya baada ya kipindi, Kishindo akiwa amelala mgongoni kwangu. Alifikiri huku akifuta ubao. Akaniambia kama mtu ana kidole kimoja tu cha kuaminika, basi nisimpe kazi ya vidole kumi. Programu yenyewe itafute hatua zote zinazowezekana, iziwashe kwenye skrini moja baada ya nyingine, na mchezaji awe na vitufe viwili tu. Kimoja kinasema "nionyeshe nyingine". Kingine kinasema "hiyohiyo".

Ilikuwa rahisi kuisema. Kwanza vifungo vyangu vilikuwa vinadondoka nje ya ubao. Nikisogeza kifungo cha pembeni, kinapotea, na programu inasimama na kuniandikia maneno mekundu. Sharti alinieleza kwamba kompyuta inaanza kuhesabu kwenye sifuri, si kwenye moja, na mimi nikaitikia kwa kichwa kama Baba, bila kuelewa kitu. Nilielewa siku iliyofuata, nikiwa nakunja futi ya kupimia ya Baba niliyoikuta imeviringana kwenye sanduku lake. Kitambaa unakianzia kwenye ncha, pale ambapo hakuna kitu bado, na sentimita ya kwanza inakuwa imekwisha pale penye moja. Nimekua nikiishika ile ncha kwa kidole ili Baba apime, na sikuwahi kuiita sifuri. Jioni ile vifungo vyangu viliacha kudondoka.

Halafu likaja tatizo la zamu, usiku nikiwa nyumbani na kompyuta ya shule. Vyeupe vilikuwa vinacheza, vinacheza tena, vyeusi vinangoja tu, kwa sababu nilisahau kuiambia kompyuta kwamba mtu akimaliza, sasa ni mwenzake. Mume wangu alichungulia begani kwangu akasema mchezo huo unafanana na mazungumzo ya ndugu zangu. Lakini ni yeye aliyenitengenezea kifuniko. Alichukua boksi gumu la bomba za sinki, akalikata likafunika vitufe vyote vya kompyuta, akatoboa matundu mawili tu, mapana, mbali kidogo, upande wa kushoto. Kwenye kitufe cha "nyingine" nikagundisha kifungo cha shati, kwenye cha "hiyohiyo" kifungo cha koti. Mkono ukitetemeka juu ya boksi hauharibu kitu. Kidole kinatafuta tundu chenyewe.

Mwisho kabisa niliandika sheria ya kurudishiwa. Hiyo ndiyo niliyoipenda kuliko zote tangu utoto. Mtu akibaki na kifungo kimoja, mwenzake anamrudishia kimoja, kwa sababu kifungo kimoja peke yake hakiwezi kumbana mtu. Niliandika: kama mchezaji amebaki na kimoja, na hajawahi kurudishiwa, basi rudisha kimoja mahali kilipoanzia. Ilikubali mara ya kwanza bila maneno mekundu. Sharti alisoma ile mistari akasema sheria hiyo imekaa vizuri. Nilijisikia kama nimeshona kola ikalala.

Shule ilituruhusu kubaki na kompyuta nyumbani mwisho wa wiki pia. Jumamosi asubuhi kaka alifika, akaegesha gari dogo aliloazima, kiti cha nyuma kikiwa kimeshatandikwa mto na shuka.  Nguo za Baba nilikuwa nimezikunja, ila sikuwa nimezitia kwenye begi.

Nilimwomba kaka kitu kimoja tu, acheze na Baba mara moja kabla hawajaondoka. Alitazama boksi lenye matundu, akatazama vile vifungo viwili, na nikaona uso wake ukilegea kidogo, maana vifungo vile alivijua. "Sawa, mdogo wangu," akasema. "Mara moja."

Niliweka kompyuta kwenye stuli katikati yao, nikarudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta, mikono nikaikunja ili kila mtu aione. Mume wangu alimpakata Kishindo. Nikamweleza Baba vile vitufe viwili, na kwamba yeye ana vyeusi na kaka vyeupe, na yeye akaitikia, na kaka akanitupia jicho la kusema ndiyo hivyo, anaitikia.

Hatua ya kwanza Baba hakufanya chochote kwa muda mrefu. Hatua zilikuwa zinang'aa na kuzimika kwenye macho yake. Kisha kidole kikashuka kwenye tundu la kifungo cha shati. Nyingine. Kikashuka tena. Nyingine. Kikahamia kwenye kifungo cha koti, polepole kama kijiko kilichojaa, kikabonyeza. Hiyohiyo.

Kaka akacheza yake haraka, bila kufikiri, kama mtu anayemchezea mtoto. Baba akacheza. Kaka akacheza. Baada ya muda kaka alisogeza kiti karibu. Kifungo chake kimoja kilikuwa kimebanwa, na skrini ikakiondoa. Baadaye kingine. Sasa alikuwa anafikiri, shingo ameinyoosha. Kikaondoka cha tatu. Kikaondoka cha nne. Kaka alibaki na kimoja, na Baba alikuwa amepoteza kimoja tu, vinne vyake vimekaa vizuri.

Programu ikafanya nilivyoiagiza. Kifungo kimoja cha kaka kikarudi, kikakaa mahali pake pa mwanzo.

Baba akaacha kucheza.

Tukangoja. Hatua zake zikawa zinawaka na kuzimika. Hakubonyeza nyingine, hakubonyeza hiyohiyo. Mkono aliutoa juu ya boksi, akauweka pajani juu ya ule mwingine. Nikamwambia, Baba, ni zamu yako. Hakuitikia. Hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza tangu augue nimwambie kitu asiitikie, lakini wakati ule sikulitambua hilo, nilikuwa naona tu kwamba amesimama. Kisha akanyoosha mkono wa kushoto, akaisukuma kompyuta. Hakuisukuma kwa kaka. Aliisukuma upande wangu, mpaka stuli ikakwaruza sakafu.

Kaka akapumua kwa nguvu, akajipapasa mapaja kama mtu anayetaka kunyanyuka. Akasema tumwache, amechoka, amejitahidi sana, pengine alikuwa anafuata taa tu. Hakuwa na kejeli hata kidogo. Macho yalikuwa yamemwiva. Alinyoosha mkono afunge kompyuta, na hapo ndipo akaitazama skrini.

"Mbona nina viwili?"

"Umerudishiwa," nikasema. "Ulibaki na kimoja."

"Nimerudishiwa na nani?"

"Ndiyo sheria, kaka."

Alinitazama kama ninamtania. Kisha akakaa tena, taratibu, na akaanza kuongea akiitazama skrini wala si mimi. Akasema kwenye mchezo ule hapajawahi kuwa na sheria kama hiyo. Ukibaki na kimoja umekwisha, unakimbiakimbia mpaka ubanwe, basi. Yeye alibanwa hivyo utoto wake wote, hakurudishiwa hata siku moja. Mimi nilipofika umri wa kucheza nilikuwa ninalia nikibaki na kimoja, ninalia mpaka wateja wanauliza, na Baba akaanza kunirudishia akisema ndivyo sheria ilivyo. Kaka alipotaka kubisha, marehemu Mama alimbana sikio akamwambia anyamaze.

"Ilikuwa sheria yako wewe tu, Kitinda. Hakuna mtu mwingine aliyekuwa nayo."

 

Tulielewa pamoja, kaka na mimi, nadhani kwa wakati mmoja, maana wote tuligeuka tukamtazama Baba. Alikuwa anamtazama kaka. Baba alikuwa ameona mtu mzima, dereva wa malori, anarudishiwa kifungo ambacho hakuwa na haki nacho, na amekataa kuendelea na mchezo ulioharibika. Na aliyeuharibu alimjua. Ndiyo maana kompyuta aliisukumia kwangu.

Nililiondoa boksi nivifikie vitufe vyote. Nilifungua ile programu, nikaweka alama mbele ya mistari ya kurudishiwa ili kompyuta iiruke, nikaondoa kifungo cha kaka kilichozidi, nikarudisha boksi na stuli mahali pake. Baba akautazama ubao wote, kona hadi kona. Nyingine. Nyingine. Hiyohiyo. Kaka alikimbiakimbia kidogo na kifungo chake kimoja, akabanwa ukingoni, na skrini ikaandika kwamba vyeusi vimeshinda. Kaka alikuwa analia waziwazi sasa, na anacheka. Akamwambia Baba kwamba miaka yote hii bado hana huruma. Baba akatoa sauti, si neno, lakini ilitokea mahali ambapo kicheko chake kilikuwa kinatokea.

"Cheza naye wewe," mume wangu akaniambia.

Nikakaa. Nilicheza kwa akili yangu yote, sikumwachia kitu, na Baba akanimaliza taratibu kama anavyofumua mshono uliokosewa, hadi nikabaki na kimoja. Ile mistari ilikuwa bado imezimwa. Hapakuwa na kitu cha kunirudishia. Kifungo changu kilikuwa ukingoni, cheusi kimoja kikiwa ubavuni mwake, na hatua moja tu ya Baba ingekibana. Sote tuliiona ilipowaka kwenye skrini.

Kidole kikashuka. Nyingine.

Akachagua kifungo cha mbali kabisa, kisicho na kazi yoyote, akakisogeza chumba kimoja pembeni. Mimi nikasogea, na popote nilipokwenda hatua moja yake ilitosha kunibana. Ikawaka tena. Nyingine. Akakirudisha kile kifungo cha mbali pale kilipotoka. Mimi nikasogea, yeye akakipeleka tena. Kompyuta haikuwa na njia ya kumruhusu anipe kifungo, kwa hiyo alikuwa ananipa kwa njia aliyokuwa nayo.

"Anaipita," kaka akasema nyuma yangu, polepole. "Anaiona, anaipita."

Hakuna aliyesema tena kwamba Baba hayupo. Kaka alitoka nje, akarudi na ule mto wa kwenye gari, akauweka nyuma ya mgongo wa Baba. Nikajua nimeshinda. Nilikuwa nimeshaanza kuwaza ni wapi tutaweka kabati ili Baba apate mwanga wa dirisha.

Lakini kaka ana haki yake, na alisema kitu cha haki. Akasema kama Baba yupo, basi aulizwe. Si kwa kichwa, kichwa chake kinatudanganya wote. Aulizwe kwa kidole.

Sikuweza kukataa. Nilikuwa nimeitengeneza mashine ile ili Baba awe na neno. Nikaketi sakafuni na kompyuta mapajani, nikatoa hatua za mchezo, nikaweka mahali pake maneno mawili, KUBAKI HAPA na KWENDA KWA SHANGAZI. La kubaki nililitanguliza mimi. Nikampelekea, nikamsomea yote mawili kwa sauti, mara mbili, endapo herufi nazo zimemkimbia.

Neno la kubaki lilikuwa linawaka. Ilitosha abonyeze kifungo cha koti.

Baba alinitazama. Kisha akamtazama Kishindo kwenye mikono ya mume wangu, akatazama mlango wa chumba chetu, zile spana zikionekana chini ya kitanda. Alichukua muda uleule aliouchukua kwenye hatua ya kwanza. Kidole kikashuka kwenye kifungo cha shati. Nyingine. Kikahama. Hiyohiyo.

Nikasema labda hakuelewa. Nikageuza maneno, la Shangazi likatangulia, nikasoma upya, na sauti yangu haikuwa nzuri. Baba hakungoja. Kidole kikaenda moja kwa moja kwenye kifungo cha koti.

Kaka, ambaye ndiye aliyelitaka jibu hilo, aliinamisha kichwa kama aliyekaripiwa. Mimi niliiweka kompyuta chini, nikaegemeza paji la uso kwenye goti la Baba, lile zima. Mume wangu alikuja akanishika bega.

"Mama Kishindo, ulitaka aseme," akaniambia. "Amesema."

Sijui mpaka leo kama Baba alitaka dada yake, aliyembeba mgongoni wakati hakuna mtu mwingine wa kumbeba, au aliona nimebaki na kifungo kimoja. Yawezekana ni yote mawili. Sikumuuliza. Nilikuwa nimemtengenezea vitufe vya kuchagua, sikuwa nimejua kutengeneza cha kueleza sababu, na hata ningejua, kuna mambo ambayo mtu ana haki ya kubaki nayo. Nilichofanya ni kwenda kuzitia nguo zake kwenye begi. Nilimvalisha shati, na kila kifungo nilichofunga nilimwambia kwanza kwamba ninafunga. Kaka alimweka kwenye kiti cha mbele, si cha nyuma, na kabla hajawasha gari nilimsikia akimuuliza Baba kuhusu njia ya kupita, halafu akanyamaza kumngoja, kana kwamba atajibiwa.

Muhula ulipoisha, kila mmoja alionyesha mchezo wake mbele ya darasa. Nyoka wa mama muuza viatu walipanda ngazi badala ya kushuka, tukacheka wote mpaka yeye mwenyewe. Zamu yangu ilipofika, Sharti alipitia mistari yangu mmoja mmoja, na kufikia mwisho akasimama. Ile sheria ya kurudishiwa nilikuwa nimeiwasha tena, lakini nimeiongezea sharti jipya: kama mchezaji amebaki na kimoja, na mchezaji ni kitindamimba, basi rudisha kimoja.

Akasema sheria hii haitendi haki, inampendelea mchezaji mmoja. Akauliza kama nimekosea.

Nikamwambia hapana, ndivyo unavyochezwa.

Kaka ndiye aliyepata kompyuta kuukuu kwenye mojawapo ya safari zake, mimi nikaiwekea mchezo, na yeye akaipeleka kwa Shangazi pamoja na lile boksi la mume wangu, lililoanza kulegea kwenye kona. Haikupita wiki Shangazi akanipigia simu. Nilikuwa kwenye pasi, nikaiegemeza simu begani. Hakunisalimia vizuri. Alikuwa analalamika kwamba amefungwa asubuhi, amefungwa baada ya chakula, na amefungwa tena sasa hivi mbele ya majirani, na kila anapobaki na kimoja anamwambia mdogo wake amrudishie hata kimoja tu, maana ameambiwa na kaka yangu kwamba kuna sheria ya kurudishiwa.

"Anasemaje?" nikamuuliza.

"Anakataa," Shangazi akasema. "Anatikisa kichwa anakataa."

Niliinua pasi juu ya kitambaa isije ikaunguza, nikabaki nimeishika hivyo, nikamwomba anisimulie tena, polepole, tangu mwanzo.